Kitansi Zako Nilizozizamisha Ziwani

Naanza kwa jina la Mungu, ambaye rehema Yake ilikuwako kabla hatujakosea, na ambaye hapotelewi na kitu juu ya nchi kavu wala chini ya maji. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, jamaa zake, na wote waliofuata njia yake kwa wema.

Baada ya hayo, kwako mwanangu Zuhura, amani ikushukie. Ni salamu ya ajabu, mzazi kumwandikia mtoto aliye chumba cha pili. Ninapoandika nakusikia ukifunga katoni za sabuni kwa kamba, na mama yako akikuambia kuwa kamba hiyo haifai. Ungeweza kuuliza kwa nini nisiinuke nikakwambia kwa mdomo. Nimejaribu. Kila nikianza, unasema, "Yaliisha, Baba," na kwa namna unavyolisema neno hilo najua kwamba hayajaisha.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa ya homa, wala ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, wa kukutosha wiki za kwanza. Hayo mama yako amekwisha kuyasema, na kesho alfajiri, gari likipata mafuta, atayasema tena mpaka dereva achoke. Nitakuandikia juu ya jambo moja, nalo ni kitansi zako, zile stakabadhi za kodi.

Siku ile ulipofungua boksi langu ukalikuta tupu, hukulia wala hukupaza sauti. Uliniuliza neno moja tu: "Baba, Mungu alikuwa na haja gani na kitansi zangu?"

Mama yako alikukemea, akasema hayo ni maneno ya kukufuru. Mimi nilinyamaza, na watu wa nyumba wakadhani ni subira ya mtu aliyesoma. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekasirika, na sikuwa na jibu. Leo jibu ninalo. Nimelipata kwa kupanda na kushuka kati ya ofisi za Rumonge mpaka walinzi wakaacha kuniuliza jina, na sitaki uondoke bila kulisikia.

Tangu ulipoanza kupika sabuni kwa mawese ya Kizuka, kila ulipolipa kodi uliniletea kitansi nikutunzie. Ulisema mbele ya shangazi zako kwamba Baba hapotezi karatasi. Neno hilo lilinipendeza kupita kiasi. Mtu anayesifiwa kwa utunzaji huacha kutunza na kuanza kusikiliza sifa, nami nilikuwa mtu huyo, nikiipokea kila karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, kisha nikiandika juu yake Bismillahi kwa wino mwekundu.

Ulinicheka mara moja. Ulisema watu wa kodi wakiona Kiarabu watadhani ni deni la nchi nyingine. Sikukueleza sababu ya desturi hiyo, na huenda ningekueleza ungechukua karatasi zako siku ile ile. Sababu ni babu yako.

Baba yangu alihifadhi kitansi ya kodi ya kichwa ndani ya kofia yake ya kufuma. Zama zile mwanamume aliyekutwa njiani bila karatasi hiyo alifungwa kamba na kupelekwa kulima barabara. Mtoza kodi alipotokea, baba alivua kofia, na yule mtu akajibu salamu kwa furaha, akidhani anaheshimiwa, kumbe anaonyeshwa ushahidi. Siku moja bibi yako, kwa usafi wake, aliifua kofia ile bila kupekua ndani. Baba akakamatwa kwenye njia ya kwenda Nyanza-Lac, akiwa na kofia nyeupe kabisa na kitansi iliyogeuka ugali. Aliporudi kutoka barabarani, amekonda na viganja vimechubuka, tulingoja amgombeze mkewe. Alikaa chini, akaomba maji, akasema, "Mke wangu, hukufua kofia. Umenifua mimi."

Bibi yako alicheka mpaka akalia. Sisi watoto tulicheka kwa sababu yeye alicheka. Lakini mimi, niliyekuwa mkubwa, nilishika jambo moja moyoni: karatasi ya kodi ni kitu dhaifu chenye nguvu juu ya mwili wa mtu, na kitu kama hicho hakifai kuachwa bila ulinzi wa Mungu. Nilipoanza kupata karatasi zangu mwenyewe nikaziandikia Jina Lake, na sikuona kosa lolote. Angalia sasa, mwanangu. Baba yangu alipoteza kitansi kwa maji, na mimi niliyejihadhari na maji maisha yangu yote nimeziingiza zako ziwani kwa mikono yangu, kwa sababu ya ule ulinzi wenyewe.

Desturi nyingine unaijua, kwa kuwa ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinisaidia. Karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi jaani wala haifungiwi karanga sokoni. Kila mwezi wa Shaabani wazazi wa wanafunzi wangu wa madrasa huniletea juzuu zilizochanika na mbao zilizovunjika. Nazipakia katika gunia pamoja na mawe, na Ezekieli mvuvi hunipeleka kwa mtumbwi wake kwenye kina kirefu tukazizamisha. Ezekieli ni Mkristo, aliyerejea kutoka Tanzania baada ya kuzeekea kambi ya wakimbizi, na hajawahi kunitoza kitu kwa safari hiyo. Husema kwao pia maandiko hayatupwi, ila wao hawana mtumbwi.

Mwaka huu macho yangu yalikuwa mazito. Ulikuwa umeninunulia miwani Bujumbura, nami niliiweka kwa ajili ya kusoma Kurani peke yake, eti kazi ya kuchambua karatasi kuukuu haihitaji miwani. Nikatoa maboksi yote chini ya kitanda, nikakaa sakafuni. Nilishika karatasi, nikatazama juu, nikaliona Jina kwa wino mwekundu, nikamshukuru Mungu, nikaitia guniani. Zako zilikuwa zimeshika mawese ya vidole vyako, zimegeuka rangi ya machungwa pembeni, laini kama kitambaa. Nilizidhania juzuu za watoto waliokula mihogo ya kukaanga wakisoma. Nilisoma mstari wa juu tu. Chini yake lilikuwako jina lako, nambari yako ya kodi na kashe, ule muhuri wa serikali, na sikushuka kufika huko.

Tulipofika kwenye kina, Ezekieli alilipima gunia kwa mkono. "Mwalimu," akasema, "la mwaka huu ni zito. Batoto wamesoma sana ao wamechana sana?"

Nikamjibu kwamba wamesoma sana. Tukalishusha polepole. Lilikwenda bila kelele, nami nikarudi pwani nimeridhika na nafsi yangu kuliko inavyomfaa mja.

Kisha likaja la kibanda chako. Nilifurahi na wewe ulipoleta habari kwamba umepata nafasi katika soko la Bujumbura, mahali ambapo sabuni yako haitauzwa tena na wachuuzi wanaoibandika jina lao. Tukasikia kwamba kibanda hakikabidhiwi kwa mtu asiye na atestasiyo, ile hati ya kuonyesha kuwa hadaiwi kodi, na kwamba asiyeileta kabla ya mwezi kwisha nafasi yake inapewa anayefuata. Hukuwa na hofu yoyote. Ulikuwa umelipa kila mwaka. Ulikuja chumbani kwangu ukiimba, ukafungua boksi.

Yaliyofuata uliyaona nusu. Nusu nyingine niliipitia peke yangu baada ya wewe kuacha kufuatana nami, na sikulaumu kwa kuacha.

Mama yule wa dirisha la kodi alikuwa mpole. Alitafuta nambari yako kwenye mashine, akasema mwaka wa karibuni unaonekana umelipwa, lakini miaka miwili ya mwanzo haionekani, kwa sababu wakati ule malipo yalikuwa yakiandikwa kwa mkono. Akatueleza bila haraka kwamba kitansi kupotea si mwisho wa dunia. Mwaka mmoja ulilipia benki, na benki hubaki na nakala ya karatasi ya malipo. Mwaka mwingine ulilipia kwenye ofisi ya komuni, na komuni hubaki na mashina ya vitabu vya kitansi, vile vipande visivyochanwa. Tupeleke nakala hizo, na pamoja nazo hati ya upotevu kutoka zoni, ile ofisi ndogo ya utawala chini ya komuni. Nilitoka pale nikikwambia kwamba mambo ni mepesi. Ningejua kwamba uzito wa safari ile ni mimi, ningenyamaza.

Unakumbuka benchi la zoni, na watu waliokuwa wamekaa. Katibu aliichukua fomu, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, zimepotea ao zimeibwa?"

Nikamjibu kwamba hazijapotea, kwa maana najua zilipo.

"Basi iko vizuri. Mwende muzilete."

"Ziko chini ya ziwa."

Akaiweka kalamu mezani. Akanieleza kwamba fomu ina nafasi ya kilichopotea, kilichoibwa na kilichoharibiwa, na kwamba kwa kunisaidia ataandika zimepotea. Wewe ukaninong'oneza, "Baba, sema zimepotea, tuende."

Hapo ndipo nilipoanza kuhutubu. Nilieleza habari ya ushahidi wa uongo, nikaeleza makosa ya ulimi, nikatoa na visa, nimesimama mbele ya meza ya serikali kana kwamba ni mimbari, na watu wa benchi wote wakinisikiliza kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni ndiye aliyenikatiza. "Murakoze cane, Mwalimu," akanishukuru kwa Kirundi. "Mawaidha ni mazuri. Lakini mutoto wangu ana homa, na mimi ninangoja karatasi."

Nilikaa chini. Lakini sikukubali, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hili uliliona bila kujua maana yake. Katibu aliniambia, "Basi niandike kilichoharibiwa. Mwalimu ameziharibu kwa mkono wake." Neno hilo nalo nililikataa. Nilimwambia kwamba kuharibu ni kitendo cha mhalifu, mimi nilizistiri kwa heshima, na aandike hivyo: zimestiriwa kwa heshima. Akanionyesha fomu, juu mpaka chini, akasema hakuna mahali pa kustiri kwa heshima.

Wewe ulidhani nazuiwa na ukweli. Hata mimi nilidhani hivyo. Ukweli ulikuwa umekaa pale mezani tangu mwanzo, wenye jina fupi, nami nilikuwa nikitafuta mwingine uliovaa kanzu. Siku zako zilikuwa zikipungua, na baba yako anabishana na katibu wa zoni juu ya heshima ya gunia.

Uliinuka. Mlangoni ukageuka ukasema, "Ukweli ni wako, Baba. Lakini kibanda ni changu."

Nimefundisha watoto wa mji huu kwa muda mrefu, na wengine sasa wana wajukuu. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa maneno machache kama hayo. Nilikasirika njia nzima. Nilimlaumu katibu kwa fomu yake fupi, nikakulaumu wewe kwa ulimi wako, nikamlaumu mama yako kwa kukurithisha ulimi huo. Hata Ezekieli nilimlaumu, kwamba aliona gunia ni zito na hakuuliza zaidi.

Kesho yake nilimchukua Ezekieli aje kuwa shahidi. Nilitumaini kwamba akieleza jinsi tulivyozizamisha kwa adabu, katibu atalainika. Katibu akamwuliza kama aliziona kitansi zikiingia majini.

"Niliona gunia," akajibu. "Ndani ya gunia sikuingia."

"Na mnajua hakika kama zilikuwamo?"

"Hiyo muulize Mwalimu. Mimi ninachojua, ndagala wa mwaka huu wamelipa kodi yote. Mtu asiwasumbue tena."

Benchi zima lilicheka, na katibu naye akacheka akifunika mdomo kwa fomu. Nilitaka kukasirika, lakini nilimtazama Ezekieli nikaona hakuwa akinidharau. Alikuwa amefunga mtumbwi wake asubuhi nzuri ya kuvua, akatembea juani kuja kunishuhudia, na aliposhuhudia hakuongeza wala kupunguza. Hakuhitaji kuupamba ushahidi wake, kwa sababu hakuwa akijilinda. Mimi nilikuwa najilinda.

Nikamwambia katibu, "Andika kwamba nimeziharibu mimi."

Akanionya kwa upole kwamba nikitia sahihi hiyo, ofisi ya kodi itaniita kujieleza, maana karatasi za kodi hazichezewi. Nikamjibu waniite. Akaandika, nikatia sahihi, akapiga kashe. Kazi ambayo ingekwisha siku ya kwanza, kabla yule mama hajaniambia habari ya homa ya mwanawe.

Ndiyo kusema, Zuhura, sikuombi radhi kwa kukataa kusema uongo. Ningekataa tena kesho. Lakini ukweli wa mtu ni juu yake yeye aulipie, na mimi niliulipia kwa siku zako. Utakapokuwa sokoni, utakutana na watu wanyofu ambao unyofu wao humgharimu jirani siku zote. Wapende, lakini usiwape ufunguo. Na ukijiona wewe mwenyewe umeshikilia haki kwa nguvu sana, tazama ni nani amesimama juani akikungoja.

Waliniita kweli. Mkuu wa ofisi ile ni mwanamke ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu, yenye mwanzo na mwisho, juu ya adabu za karatasi zenye Jina la Mungu. Alinisikiliza kidogo, kisha akauliza kama kitansi zile zilikuwa zangu.

Nikasema zilikuwa za binti yangu.

"Alikupa ufanye nazo nini, Muzee?"

"Nimtunzie."

Alichukua kalamu yake. Aliinama akaandika. Kwa muda wote aliokuwa akiandika nilisikia masomo yangu yote ya amana yakinirudia, yale ninayowasomesha watoto kwa mwaka mzima: kwamba amana haiguswi, haiongezwi, haipunguzwi, hurudishwa kwa mwenyewe kama alivyoiacha. Na mimi hata kabla ya gunia nilikuwa nimekwisha kuigusa amana yako. Niliiandikia juu. Hukuniomba niandike. Karatasi zile ungeniletea nikazifunga kwa uzi tu, zingekuwa ndani ya boksi mpaka leo, na macho yangu mabovu yasingepata cha kuona juu yake.

Yule mkuu alimwita karani akamwambia anisaidie. Benki hawakunitesa sana. Walikwenda wakarudi, wakaenda tena, wakasema mwenye ufunguo hayupo, kisha akawapo, na nakala ikapatikana. Kwenye komuni ndiko nilikokaa. Mashina ya vitabu vya mwaka wako wa kwanza yalikuwa katika chumba cha chini, na unajua jinsi ziwa lilivyopanda likafika mpaka kwenye milango ya watu. Maji yalikuwa yameingia. Karani aliniletea vitabu vile vimevimba na kushikana. Tukavibandua ukurasa kwa ukurasa, tukavianika uani juu ya turubai kama wanawake wa Gitaza wanavyoanika ndagala, na mimi nikawekwa kiti pembeni nifukuze upepo na kuku.

Nilivaa miwani yako. Nilisoma kila ukurasa kuanzia juu mpaka chini. Nilisoma majina ya watu nisiowajua, muuza mihogo, fundi baiskeli, mjane wa mawese, wote walilipa na wote maji yamewafuta nusu. Kurasa nyingine zilikuwa na doa la buluu tu. Nilikuwa nikisoma kwa hasira, nakwambia kweli, hasira kwa ziwa ambalo halikushiba gunia langu likaja kutafuta na mashina mjini.

Kisha nikaufikia ukurasa wenye doa la rangi ya machungwa. Maji yalikuwa yameula ukurasa ule pande zote, lakini pale palipokuwa na doa wino ulikuwa umesimama. Lilikuwa doa la kidole gumba. Ulikuwa umekwenda kulipa umetoka moja kwa moja kwenye sufuria, kama kawaida yako, hukunawa vizuri, na mawese yako yakaufunika wino maji yasiuguse. Jina lako lilikuwa pale, na mwaka, na kipande cha nambari. Kiasi ulicholipa hakisomeki.

Mara ngapi nimekugombeza kwa vidole hivyo? Mara ngapi nimesema mwanamke wa heshima haendi ofisini ananuka mawese? Nilikaa na ukurasa ule magotini, na yule karani akaniuliza, "Mwalimu, iko shida?" Nikamwambia hapana, nimempata mwanangu.

Hivyo ndivyo ulivyopata ile hati niliyokupa juzi bila maelezo, ukaitazama, ukasema, "Hii ni ya muda." Ni ya muda. Wamekubali miaka yote, ila ule wa kwanza umeandikiwa kwamba kiasi kitathibitishwa, na mimi nimetia sahihi kuwa nitajibu kwa niaba ya karatasi niliyoiharibu. Soko limekubali kukukabidhi kibanda kwa hati hiyo. Wewe nenda ukafungue. Mimi nitaendelea kwenda pale ofisini mpaka ile ya kudumu itoke. Wamekwisha kunizoea. Nimesikia mlinzi akimwambia mwenzake, "Mwalimu wa Gunia amefika," na sikumkemea. Mama yako anasema ni jina zuri kuliko alilonipa yeye siku ulipokosa kitansi zako, ambalo sitaliandika hapa.

Sasa nijibu swali lako. Mungu hakuwa na haja yoyote na kitansi zako. Mwenye haja nilikuwa mimi. Nilitaka kila kitu kinachopita mikononi mwangu kionekane kimepita mikononi mwa mtu mcha Mungu, na nikalitumia Jina Lake kama kashe yangu. Kisha nikasoma mstari nilioandika mimi mwenyewe, nikadhani nimesoma karatasi nzima. Hata wewe nilikusoma hivyo. Nilipoona sufuria na moshi na vidole vya rangi ya machungwa, nikasema huyu mtoto ameacha masomo. Sikushuka chini kusoma kwamba ulikuwa unalipa kodi kila mwaka bila kufuatwa na mtu, jambo ambalo wafanyabiashara wenye majumba mji huu hawalifanyi.

Ndani ya bahasha ya kaki utakuta nakala ya benki, nakala ya ukurasa wa komuni, tamko langu la zoni na hati ya muda. Kila moja nimeitoa nakala mbili. Moja unaondoka nayo, nyingine nimempa mama yako, wala si mimi. Karatasi ziguse zote, uzigeuze pande zote. Hakuna kitu nilichoandika juu yake. Nilipoifunga bahasha yako nilisema Bismillahi kwa ulimi, na mkono nikauweka nyuma. Nadhani imesikiwa.

Kuanzia kesho karatasi zako zitunze wewe. Akitokea mtu mwema akakuambia yeye hapotezi karatasi, mshukuru, umpe chai.

Barua hii, kama unavyoona, inaanza kwa Jina la Mungu. Kwa hiyo iweke mbali na bahasha ile, hata kama nafasi ni ndogo. Ikichakaa usiitupe. Ukija nyumbani uje nayo, tutakwenda kwa Ezekieli pamoja, na safari hiyo utaisoma wewe kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, kabla sijaiachia.

Mungu akufungulie riziki iliyo safi na macho ya kuitambua. Avibariki vidole vyako jinsi vilivyo. Akibariki kibanda chako, na atakayenunua kwako, na nyumba utakayolala ndani yake, na wote watakaokula nawe sahani moja. Na hii nyumba unayoiacha aijaze utulivu, na aturudishie sauti yako mlangoni tukiwa hai. Amina.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Rajabu, Rumonge